Giuseppe Peano: Mwalimu Aliyetaka Kujua Namba Zinaanzia Wapi

Mwaka jana nikiwa fildi nilimpa kosa mwanafunzi ambaye hakukosea. Swali lenyewe lilikuwa jepesi, la kidato cha kwanza: taja namba asilia tano za mwanzo. Karibu darasa zima waliandika 1, 2, 3, 4, 5. Yeye akaandika 0, 1, 2, 3, 4. Nikapitisha peni nyekundu, nikavuta daftari jingine. Jioni akanifuata ofisini na kitabu cha dada yake mkononi, na kweli kitabu kile kilianza namba asilia na sifuri. Sikuwa na jibu. Nikamwambia afuate notisi za darasani, basi. Akaitikia, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Wenzangu wa Elimu mnaijua hali hiyo. Unajua umeshinda kwa sababu wewe ndiye mwenye peni nyekundu, siyo kwa sababu uko sahihi. Niliporudi chuoni nikaanza kutafuta ni nani hasa aliamua namba zianzie wapi, na kila nilikopita nilikutana na jina moja: Giuseppe Peano, Mwitaliano aliyefariki mwaka 1932. Nilitegemea kupata jibu la swali la yule mtoto. Jibu nililipata, lakini nilipata na maisha ya mwalimu mwenye akili nyingi sana ambaye naye alijikuta amesimama mbele ya wanafunzi walioacha kumsikiliza.

Tukumbushane somo kwanza, maana wengine mlishaachana na hisabati siku ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Namba tunazohesabia vitu, 1, 2, 3 na kuendelea, tunaziita namba asilia. Ukiongeza sifuri, vitabu vyetu vingi vinaziita namba nzima. Ukiongeza tena zile hasi, yaani −1, −2, −3 na kuendelea, unapata namba kamili. Ni kama ile seti ya sufuria inayouzwa sokoni: ndogo inaingia ndani ya ya kati, na ya kati inaingia ndani ya kubwa. Kila namba asilia ni namba nzima, na kila namba nzima ni namba kamili. Kurudi nyuma haiwezekani: −4 ni namba kamili lakini si namba nzima, na 0 ni namba nzima lakini, kwa mpangilio huu, si namba asilia. Nusu haimo kwenye sufuria yoyote kati ya hizo tatu.

Ni somo la kipindi kimoja. Mwalimu anachora duara ndani ya duara, anatoa zoezi, kengele inalia. Ila ukiitazama vizuri ile sufuria ndogo, unajiuliza nani alisema ianzie moja.

Peano alizaliwa tarehe 27 Agosti 1858 katika shamba la Spinetta, karibu na mji wa Cuneo, sehemu ambayo leo ni kaskazini magharibi mwa Italia. Wakati huo Italia kama nchi moja ilikuwa bado. Cuneo ilikuwa ndani ya Ufalme wa Sardinia. Wazazi wake walikuwa wakulima. Giuseppe na kaka yake mkubwa Michele walikwenda shule mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, kilomita kadhaa kila siku, mvua inyeshe au theluji ianguke.

Aliyembadilishia maisha alikuwa mjomba wake. Mjomba huyu alikuwa padri na pia mwanasheria, akiishi Turin, mji mkubwa wa eneo lile. Akaona kijana ana kichwa, akamchukua akakae kwake asome. Giuseppe alikuwa na umri wa kama miaka 12. Wengi wetu hapa chuoni tumesomeshwa na mjomba au shangazi, kwa hiyo habari hii haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1876 alimaliza sekondari na kuingia Chuo Kikuu cha Turin, akapata nafasi katika bweni lililokuwepo kwa ajili ya kusaidia wanafunzi wanaotoka mikoani. Miaka minne baadaye, 1880, alihitimu hisabati kwa ufaulu wa juu na chuo kikambakiza kama mwalimu msaidizi.

Muda si mrefu akawekwa chini ya profesa mzee, Angelo Genocchi, aliyefundisha kalkulasi. Genocchi alipougua, kijana akasimama mbele ya darasa badala yake. Mwaka 1882, akiandaa somo, Peano aligundua kwamba maelezo yaliyozoeleka ya namna ya kupima eneo la uso uliopinda yalikuwa na kosa. Maelezo yale yalitoka katika kitabu cha mwandishi mwenye jina kubwa, na watu walikuwa wakifundisha hivyo hivyo. Akaenda kwa Genocchi na ugunduzi wake, akaambiwa kuna Mjerumani, Schwarz, aliyekwisha kuliona kosa hilo kabla yake. Bila shaka iliuma. Lakini hapo tabia yake ilishajionyesha: kitabu kikisema jambo, Peano hakuridhika mpaka aone kama linasimama lenyewe.

Mwaka 1884 kikatoka kitabu cha kalkulasi chenye jina la Genocchi. Maandishi yote yalikuwa ya Peano, ambaye alichukua masomo ya profesa wake na kuongeza mengi ya kwake. Genocchi alitangaza hadharani kwamba yeye hakushiriki kukiandika na kwamba sifa zote ni za kijana. Kitabu kilikuja kuheshimiwa Ulaya nzima. Miaka miwili baadaye, 1886, Peano akapata kazi ya pili, kufundisha katika Chuo cha Kijeshi cha Turin. Mwaka 1887 akamuoa Carola Crosio, binti wa mchoraji. Hawakujaaliwa watoto.

Sasa tufike kwenye namba. Katika miaka hiyo wanahisabati wa Ulaya walikuwa wamejenga ghorofa ndefu: kalkulasi, jiometri mpya, nadharia za kila aina. Baadhi yao wakaanza kuangalia chini na kuuliza msingi umekaa juu ya nini. Kila kitu kilionekana kusimama juu ya namba, na namba zote zilionekana kusimama juu ya zile za kuhesabia. Lakini namba ya kuhesabia ni nini? Ukimuuliza mtu, anakuonyesha vidole. Vidole ni mfano tu, havimwambii mtu namba ni nini. Mjerumani Richard Dedekind alichapisha jibu lake mwaka 1888. Peano, aliyekuwa akilifanyia kazi swali hilo hilo, alitoa la kwake mwaka 1889 katika kijitabu chembamba kilichoandikwa kwa Kilatini, na akakiri wazi kwamba kazi ya Dedekind ilimsaidia.

Alichofanya Peano kilikuwa kupunguza. Hakueleza namba ni nini. Alichukua maneno matatu tu, namba, moja, na inayofuata, kisha akaweka masharti ambayo maneno hayo lazima yatii. Kwa lugha yetu ni hivi. Moja ni namba. Kila namba ina namba inayoifuata. Moja haifuati namba yoyote. Namba mbili tofauti haziwezi kufuatwa na namba ile ile. Sharti la tano ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ukitaka kulielewa fikiria foleni ya kafeteria saa saba mchana. Kama mtu wa kwanza amesikia kwamba wali umeisha, na kama kila anayesikia lazima amwambie wa nyuma yake, basi foleni nzima itajua, hata iwe ndefu kiasi gani. Jambo likiwa kweli kwa moja, na ukweli wake kwa namba yoyote ukilazimisha uwe kweli kwa inayofuata, basi ni kweli kwa namba asilia zote.

Kwa masharti hayo matano kujumlisha kunajengeka, kuzidisha kunajengeka, na sheria zote tulizokariri darasa la pili zinathibitishika moja baada ya nyingine. Namba nyingine nazo zinapata pa kusimama. Ndani ya namba asilia, 5 toa 3 ina jibu, 3 toa 5 haina. Ukitaka kila kutoa kuwe na jibu, unahitaji sufuria kubwa zaidi. Wahindi waliliona hilo zamani sana: mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za sifuri na za namba hasi, akizieleza kama mali na deni. Hata neno letu sifuri limepita njia hiyo, kutoka India hadi kwa Waarabu waliosema sifr, yaani tupu, mpaka pwani yetu. Mwanafunzi yeyote aliyekula kwa mkopo kwa mama ntilie akisubiri bumu anaijua −3,000 vizuri kuliko anavyoijua 3,000. Alichoongeza Peano ni kuonyesha kwamba ghorofa zote hizo za juu zinaweza kusimama juu ya msingi mdogo unaoelezeka kwa mistari michache.

Katika kijitabu hicho hicho alileta pia alama ∈, ile tunayoitumia kusema kitu kimo ndani ya seti, akiichukua kutoka herufi ya Kigiriki epsiloni. Kwa hiyo kila mwalimu anayeandika ubaoni kwamba −4 imo kwenye namba kamili anaandika kwa mkono wa Peano, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Mnaona kwamba mwaka 1889 alianzia moja. Angeishia hapo, mimi na peni yangu nyekundu tungekuwa salama. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1890, alipoyapanga upya masharti yale yale, aliweka sifuri mahali pa moja. Sifuri ni namba, sifuri haifuati namba yoyote, na mengine yakabaki kama yalivyo. Hakuna kilichobomoka. Mtu yule yule, masharti yale yale, mwanzo mwingine.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa kabla halijaniingia. Masharti ya Peano yanadai kwamba pawe na mwanzo na kwamba mwanzo huo usiwe na kitu nyuma yake. Jina la mwanzo unachagua wewe, kulingana na kazi uliyonayo. Konda wa daladala anapohesabu vichwa anaanza na moja. Hakuna anayeanza kuhesabu abiria kwa kusema sifuri. Lakini ukimuuliza amebeba abiria wangapi, na gari ni tupu, jibu lake ni sifuri, na hilo ni jibu halali kama arobaini. Ukihesabu kwa mpangilio, mwanzo ni moja. Ukijibu swali la ngapi, mwanzo ni sifuri. Leo mwanafunzi wa Ufaransa anafundishwa kwamba sifuri ni namba asilia, na viwango vya kimataifa vya alama za hisabati navyo vinaiweka humo. Vitabu vyetu vingi vinaanza na moja na kuiachia sifuri kundi la namba nzima. Hakuna aliyekosea, mradi kila mmoja aseme mapema anaanzia wapi.

Turudi Turin. Baada ya 1889 nyota ya Peano ilipanda kweli kweli. Mwaka 1890 alionyesha mstari mmoja usiokatika unaopita kwenye kila nukta ya mraba, jambo ambalo wengi wangeapa haliwezekani. Mwaka 1891 alianzisha jarida lake la hisabati. Mwaka uliofuata akatangaza mradi mkubwa aliouita Formulario: kukusanya hisabati yote inayojulikana, kila kanuni na uthibitisho wake, na kuiandika kwa alama tupu bila maneno ya kawaida. Alikusanya wanafunzi na wenzake kumsaidia, akanunua mashine ya kuchapa, akajifunza mwenyewe kupanga herufi. Mwaka 1900, kwenye kongamano la wanafalsafa jijini Paris, Mwingereza kijana Bertrand Russell aliona jinsi Peano na watu wake walivyokuwa makini katika kila mjadala kuliko wengine wote. Akaomba kazi zake, akazisoma, na mwelekeo wa maisha yake ukabadilika.

Ila darasani mambo yalikuwa tofauti. Formulario ilipokolea, Peano alianza kufundisha kwa kutumia hizo alama zake. Pale Chuo cha Kijeshi alikuwa na vijana wanaojiandaa kuwa maofisa, watu waliohitaji kalkulasi ya kupimia mizinga na madaraja. Akawajazia ubao alama za mantiki. Walilalamika. Na mwaka 1901 ajira yake pale ikakoma. Chuo kikuu alibaki, kwa kuwa mwaka 1895 alikuwa amepanda kuwa profesa kamili, lakini huko nako wenzake walinung'unika kwamba alama zinameza muda wa somo. Alipewa somo la ngazi ya juu, nalo halikukaa mikononi mwake muda mrefu.

Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini. Huyu ndiye mtu aliyeipunguza hesabu nzima ikawa maneno matatu ambayo hata mtoto anayajua. Dunia nzima ilikuwa na deni kwake kwa uwazi wake. Na wanafunzi waliokaa mita tatu kutoka kwake hawakumwelewa, kwa sababu kilichokuwa wazi kwake alidhani kiko wazi kwa kila mtu. Hakuwa mtu mkali wala mwenye dharau. Kila anayemwelezea anamtaja kuwa mpole. Upole peke yake haukutosha.

Mwaka 1903 akapata wazo jingine, lugha ya kimataifa iliyotokana na Kilatini kilichoondolewa vinyambulishi vyake vyote, aliyoiita Latino sine flexione. Toleo la mwisho la Formulario, la mwaka 1908, aliliandika kwa lugha hiyo. Lilikuwa na maelfu ya kanuni na lilimaliza ndoto ya zaidi ya miaka kumi na tano. Wasomaji waliifunga jalada kwa sababu ya lugha, na hazina iliyokuwamo ndani ikabaki bila wateja wengi.

Kama habari ingeishia hapo ningesema Peano ni onyo tu kwetu wanaoenda kufundisha. Lakini miaka yake iliyofuata haisimuliwi sana, na mimi ndiyo ninayoipenda. Aligeukia shule. Mwaka 1912 aliandika makala ya kupinga mitihani, akiona kwamba kuwatesa watoto kwa maswali yasiyo na faida katika maisha ni kuwadhulumu. Aliandaa mikutano ya walimu wa hisabati wa sekondari pale Turin, wakae wajadili namna ya kufundisha. Mwaka 1924 alitoa kitabu kidogo cha michezo ya hesabu kwa ajili ya watoto, chenye mafumbo na maswali ya kufurahisha. Na katika miaka ya 1920 aliachia kufundisha kalkulasi, akahamia kozi iliyolenga wale wanaokwenda kuwa walimu. Yaani mtu aliyeweka msingi wa namba alimalizia kazi yake akifundisha watu kama sisi.

Alifundisha mpaka mwisho. Tarehe 19 Aprili 1932 alikuwa darasani kama kawaida. Usiku ule moyo ulimsumbua, na tarehe 20 akafariki akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa Turin bila makeke. Mwaka 1963 mabaki yake yalihamishiwa Spinetta, kwenye kaburi la ukoo, karibu na shamba alikoanzia safari zake za miguu kwenda shule.

Nimejifunza mambo mawili kwake, na yote yananihusu. La kwanza ni kwamba migawanyo ya namba tunayoifundisha ni makubaliano ya watu, siyo kama mvua inayotoka mbinguni. Swali langu lilipaswa kusema tunaanzia moja, au lilipaswa kumwuliza mwanafunzi anaanzia wapi. Sikusema, kwa hiyo jibu lake lilikuwa halali. La pili ni kwamba kuwa sahihi mbele ya ubao hakumsaidii mwanafunzi aliyekwisha kukaa kimya. Peano alilijua la kwanza kuliko mtu yeyote, na la pili lilimchukua nusu ya maisha.

Wiki iliyopita nilimpigia mwalimu wa darasa lile. Nikamwomba amwambie yule kijana kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kwa kitabu chake, kwamba mimi ndiye niliyeuliza swali nusu, na kwamba alama yake nimeirudisha. Mwalimu akacheka, akasema alama moja ya mwaka jana haina kazi tena. Nikamwomba amwambie hivyo hivyo. Aliahidi kumfikishia, na mwezi ujao nikienda fildi ya pili, swali la kwanza nitakaloandika ubaoni litaanza na maneno haya: kwa darasa hili, namba asilia zinaanzia moja, na mwenye sababu ya kuanzia sifuri anyooshe mkono atueleze.